Barua ya Wazi kwa Bodi ya Famasia na Sumu

Kwa Mwenyekiti na wanabodi,
Bodi ya Famasia na Sumu,
Nairobi.

KUH: OMBI LA KUPIMIWA AMOKSILINI KWA GOROGORO, MBITA

Waheshimiwa,

Sheria yenu, Sura ya 244, inataka antibayotiki iuzwe kwa agizo la daktari. Ni sheria nzuri, tena imeandikwa vizuri. Nadhani ilipanda feri pale Luanda K'Otieno kuja kwetu, upepo ukaipeperusha, maana Mbita bado tunaisubiri gatini.

Hapa mtu akipiga chafya mbili, anaingia duka la dawa na kusema, "Daktari, nipe zile za rangi mbili." Anapewa amoksilini. Pesa zikipungua, mkasi unapita katikati ya pakiti: vidonge vinne, ugua pole. Mvuvi wa omena aliyekesha majini kwenye baridi anataka sindano, kwa kuwa kidonge ni cha watoto. Mtoto naye ananyweshwa Septrin ya maji, na inayobaki inawekwa kabatini kumsubiri mdogo wake akohoe.

Kwa hiyo naomba tuache kujificha. Mama wa omena pale ufuoni tayari ana gorogoro. Mruhusuni apime omena mkono huu na amoksilini mkono ule. Sambamba na hilo, viandikieni waraka virusi vya mafua, maana ndivyo vyenye makosa. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na miaka yote hii vimekataa katakata kufa kwa amoksilini. Huo ni utovu wa nidhamu.

Msimsikilize Alexander Fleming. Aliigundua penisilini mwaka 1928, na alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 akaonya kwamba mtu asiyejua anaweza kujipa dozi hafifu, akawafundisha bakteria usugu dhidi ya dawa. Tumsamehe, hakuwa ameuona mkasi wetu. Watafiti nao wanakadiria kuwa mwaka 2019 usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Serikali yetu ilijibu kwa mpango wa kitaifa wa 2017 hadi 2022, kisha mwingine wa 2023 hadi 2027. Tunaiheshimu sana mipango hiyo. Hata kuigusa tunaogopa.

Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kutuharibia biashara, nacho naomba kipigwe marufuku: saa yenye mshale wa sekunde. Mhudumu wa afya akimfunua mtoto kifua akahesabu pumzi zake dakika nzima, siri yote inatoka. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano akifikisha 40, hiyo yashukiwa kuwa nimonia. Huyo amoksilini ni haki yake, tena dozi kamili, si vidonge vya mkasi. Asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu ni hospitali mbio. Mwenye pumzi za kawaida na asiye na dalili ya hatari anahitaji maji, ziwa la mama na jicho la kumwangalia. Na kikohozi kikipita wiki mbili kinadai kipimo cha kifua kikuu, si pakiti ya tatu.

Lakini nani alipwe kwa dakika hiyo? Muuzaji anakula kwa kinachotoka kwenye rafu. Akimwambia mteja, "Mama, haya ni mafua, rudi nyumbani," ameuza nini? Na mama aliyelipa nauli ya boda kutoka Rusinga atarudije mikono mitupu? Atavuka barabara tu, duka la pili limpe. Sioni mjinga kati ya hao wawili. Kila mmoja amepiga hesabu yake sawasawa, na hesabu hizo zikijumlishwa ndipo usugu unapotoka.

Kwa hiyo, waheshimiwa, kama gorogoro linawakera, wekeni bei kwenye ile dakika. Mhudumu au mwenye duka aliyefunzwa alipwe kwa kuhesabu pumzi, na alipwe vilevile anapomrudisha mtoto nyumbani bila kidonge. Najua mfuko si wenu. Lakini wenye mfuko, Mamlaka ya Afya ya Jamii, wako Nairobi hiyo hiyo, na kutoka kwenu hadi kwao hakuna feri.

Wenu mtiifu,
Mkohozi wa Mbita