Daktari wa Watu au wa Ng'ombe

Mhitimu wa kidato cha sita aliyesoma PCB hupewa cheo na jamii mapema. Wadogo zake humwita "dokta" kabla hajapasua hata chura. Matatizo huanza Julai, matokeo yanapotoka, anapogundua kuwa ufaulu uleule wa fizikia, kemia na baiolojia unamfungulia milango miwili: udaktari wa binadamu, unaofundishwa Muhimbili na vyuo vingine, na udaktari wa wanyama, unaofundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kote ni miaka 5 darasani na kwenye mazoezi. Wa binadamu huongeza mwaka 1 wa utarajali hospitalini.

Hatua ya kwanza ni kikao cha ukoo. Ajenda haiandikwi, ila hoja hazikosekani. Mjomba huuliza kama mtoto amesomeshwa kwa shida zote hizo ili aende kushika mikia. Shangazi mwenye presha hutaka daktari wa binadamu, na awe wa moyo. Bibi peke yake huunga mkono mifugo, lakini ukichunguza utakuta zizini kwake kuna ndama anayeharisha.

Hatua ya pili ni ushauri wa nje, ambao hupatikana bure na kwa wingi. Bodaboda wa kijiweni huujua mwenendo wa ajira nchini kuliko wizara. Jirani humtaja daktari asiye na kazi. Jirani wa pili humtaja daktari huyohuyo kwamba amejenga ghorofa.

Hatua ya tatu ni maombi. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja chuoni, na kila chuo kina mfumo wake wa mtandaoni. Asiye na kompyuta hukimbilia steshenari, ambako kijana mmoja huwajazia watu fomu huku akitoa kopi na kuuza vocha. Kidole kikiteleza kwenye orodha, aliyekuja na mawazo mawili huondoka na chaguo la kwanza la ufugaji wa samaki, jambo ambalo hakuna mjumbe wa kikao aliyelifikiria.

Hatua ya nne humkuta aliyechaguliwa na vyuo vyote viwili. Huyu hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Sasa, wakati fomu inajazwa, mwombaji alikuwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hivyo iliandikwa namba ya mjomba. Mjomba naye ameshachoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Akiona ujumbe wenye tarakimu za siri, anaufuta na kujipongeza kwa kuwa macho.

Katika hatua zote hizi, jambo ambalo halijadiliwi ni kazi yenyewe. Mwanafunzi wa udaktari wa binadamu huanza na maiti na harufu ya formalini inayomfuata hadi kantini. Baadaye huja zamu za usiku, na mgonjwa anayeeleza historia ya familia nzima kabla ya kusema panapouma. Daktari wa wanyama huvaa glovu ya plastiki inayofika begani, huingiza mkono nyuma ya ng'ombe na kupapasa kizazi kujua kama ana mimba. Mgonjwa wake haelezi lolote. Jibu lake ni teke.

Hapo ndipo uamuzi ulipo. Heshima ya cheo huonekana harusini, siku moja moja. Harufu ya kazi ni ya kila siku. Anayesitasita aombe ruhusa akae siku nzima zahanati, na siku nyingine amfuate bwana mifugo zizini. Kazi ambayo baada yake bado anaweza kunawa na kula ugali kwa raha, hiyo ndiyo yake. Na kwenye fomu aandike namba yake mwenyewe ya simu.