Bunda Lisilotoa Siri

Mgongo wa kadi ya Magic: The Gathering haujabadilishwa tangu mchezo huu uingie sokoni Marekani mwaka 1993. Kadi ya miaka ya tisini na kadi iliyochapwa juzi zinatakiwa zikae katika bunda moja, zilale kifudifudi, na mtu asijue ipi ni ipi. Wachapishaji wamefanya sehemu yao. Iliyobaki iko kwako, ndugu mchezaji, wewe na hivyo vidole vilivyotoka kwenye sahani ya chipsi sasa hivi. Kavioshe, kisha urudi tuendelee.

Kwa kanuni za mashindano, kadi huhesabika kuwa na alama pale inapoweza kutambulika bila uso wake kuonekana: mkwaruzo, mkunjo, rangi iliyopauka, kona iliyolika. Haijalishi kama alama hiyo imewekwa kwa makusudi au imejitokeza tu. Hapo ndipo waaminifu wanaponasa. Wanadhani kadi zenye alama ni mambo ya matapeli wa karata tatu kule stendi, wakati alama nyingi zinazokamatwa mashindanoni zimetengenezwa na mikono isiyo na hila hata chembe.

Anza na vifuko vya plastiki vya kuvisha kadi. Nunua vipya, vya kampuni moja na rangi moja, kwa sababu weusi wa pakiti hii unaweza kutofautiana na weusi wa ile. Vyenye mgongo unaoakisi mwanga viache dukani. Kwenye mashindano makubwa vinakataliwa. Vyenye picha mgongoni, hasa visivyo na ukingo wa rangi moja kuzunguka picha, vitachunguzwa zaidi. Kama unatumia kadi zenye nyuso mbili, zile zilizoanza kutoka na toleo la Innistrad mwaka 2011, hakikisha kifuko hakionyeshi kitu hata ukikiinua kwenye taa.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa baya kuliko yote hufanyika nyumbani, usiku wa kuamkia mashindano, na hufanywa na mtu nadhifu. Ana kadi 60 za bunda na 15 za akiba, za kubadilishia kati ya gemu na gemu. Amezipanga mezani kwa aina zake: ardhi huku, viumbe pale, uchawi kule. Anafungua pakiti ya kwanza, anazivisha ardhi zote. Inapokwisha anafungua ya pili na kuwavisha viumbe. Vifuko vya pakiti ya pili vimekatwa vifupi kwa kiasi ambacho jicho halikioni ila kidole kinakihisi. Bila kujua, ametengeneza bunda ambalo mtu akiligusa ubavuni anajua kama kadi inayofuata ni ardhi au siyo. Dawa yake ni ndogo mno: changanya kadi kwanza, changanya na vifuko vya pakiti zote, ndipo uvishe. Tofauti ikiwepo itatawanyika ovyo, isifuate aina yoyote ya kadi. Mwamuzi anapokagua, cha kwanza anachotafuta ni mpangilio. Mikwaruzo mitatu juu ya kadi tatu zisizohusiana ni uchakavu. Mikwaruzo minne juu ya nakala nne za kadi moja ni habari nyingine kabisa.

Uchakavu nao una tabia ya kujipanga wenyewe. Ardhi hulazwa na kuinuliwa karibu kila zamu, basi kingo zake huchoka kabla ya nyingine. Kadi za akiba hukaa tu kwenye kisanduku, zikiingia uwanjani katika gemu ya pili zinang'aa. Usafi huo ni alama! Kwa hiyo vifuko vya akiba na vya bunda vibadilishane kazi mara kwa mara, na kifuko kimoja kikichanika katikati ya mashindano, usiweke kimoja kipya peke yake kati ya vikuukuu 59. Vua kadhaa bila kuchagua, uvishe vipya kadhaa. Ukiweza, badilisha vyote.

Kadi za foili, zile zenye utando unaong'aa, ninazipenda, na bado ninakusihi uziache nyumbani. Karatasi yake hunywa unyevu wa hewa, utando wa foili haunywi, basi kadi hujikunja. Ukiwa na foili nne katikati ya kadi zilizonyooka, bunda likikatwa litaachana palepale zilipo. Kadi za Alpha, toleo la kwanza kabisa, nazo zina pembe za mviringo kuliko zote zilizofuata. Bila vifuko zinajitaja zenyewe.

Kisha jikague. Lilaze bunda chini ya taa, litazame ubavuni, pande zote nne. Fumba macho, likate mara kadhaa. Likikatikia kila mara kwenye kadi ileile, umeipata. Mpe na rafiki mwenye jicho kali, umwambie atafute kadi anayoweza kuitaja bila kuifunua.

Mashindanoni, ukiona alama mwenyewe, nyoosha mkono umwite mwamuzi kabla hajakuita. Kwa kawaida utapewa onyo na kuambiwa ubadilishe kifuko au kadi. Kadi ikiwa imeharibika humohumo mashindanoni, mwamuzi mkuu anaweza kukuandikia mbadala. Usipopata kadi nyingine, unaruhusiwa kuweka ardhi za kawaida mahali pake, na kucheza na ardhi ya mlima mahali pa joka lako kutakufundisha kubeba vifuko vya ziada. Alama zenye mpangilio unaoweza kukunufaisha zinaweza kukugharimu gemu nzima. Za makusudi zinakutoa mashindanoni.

Bunda lako likichukuliwa kukaguliwa mwanzoni mwa raundi, usinune. Muda uliopotea mtaongezewa. Likirudi, hesabu kadi zako zote, zile 60 na zile 15, changanya vya kutosha, kisha mkabidhi mpinzani naye achanganye, kwa kuwa ni haki yake.