Namna ya Kupata Ndoto ya Maisha Ukiwa Butembo

Kwanza kabisa, usiitafute kitandani. Baridi ya asubuhi ya Butembo inajua kubembeleza, na blanketi nalo halijawahi kumfukuza mtu. Amka, uende barabara ya Président de la République, usimame mahali kontena linaposhushwa. Mzigo ule umetoka Guangzhou, ukapita Mombasa, ukavuka Uganda nzima, ukaingilia Kasindi. Uliza ni wa nani. Usishangae ukiambiwa wenyewe ni wengi: huyu ana marobota ya vitenge, yule vipuri vya pikipiki. Ndoto ikizidi mfuko, tafuta wa kujaza naye kontena.

Ndiyo maana nakuhimiza uingie likelemba, kile kikundi cha kuchangiana fedha na kupokea kwa zamu, kabla hujamsimulia mtu yeyote ndoto yako. Siku ya mchango ikifika, ama una noti mkononi ama una hotuba, na hotuba haipokelewi.

Usiogope kuchelewa. Askofu Emmanuel Kataliko aliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben alichokianzisha kilianza mwaka 1989. Miaka 23! Wewe unalalamika kwa sababu ya miezi mitatu.

Kama ndoto yako iko upande wa Beni, huenda imefungwa ndani ya ganda la kakao. Mti unataka miaka mitatu au minne kabla ya kukupa chochote cha maana. Ukishavuna, pasua ganda kwa panga, toa mbegu na ute wake mweupe unaoteleza, zijaze kwenye sanduku la mbao, uzifunike kwa majani ya migomba. Zigeuze kila baada ya siku moja au mbili. Tia mkono katikati: kuna joto kupita la mwili wenye homa, na harufu ya siki inapanda puani. Zikae hivyo kama siku sita, ndipo uzianike juani. Mwenye haraka huziuza mbichi, na bei humwadhibu.

Hapa sasa naacha utani. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamekuwa wakiuawa kwa makundi, wengine ndani ya mashamba yao, msimu wa mavuno. Mkulima aliyekimbia kutoka Eringeti, huko huko Beni, na kuiacha kakao ikiiva mtini alikuwa na ndoto, alikuwa na bidii, na subira alikuwa nayo kuliko sisi sote. Asitokee mtu wa kumwambia kwamba hakujiamini vya kutosha. Alichonyang'anywa ni njia ya kufika shambani.

Ukimkuta amehamia mtaani kwenu, usimpe maneno ya kumtia moyo. Mwulize kama angependa kuingia likelemba yenu, kisha waombe wenzako akubaliwe kupokea wa kwanza.