Jinsi ya Kuiba Chumvi na Sukari Nyumbani Kwako

Kwanza chagua mali ya kuiba. Pesa ziache, simu ziache. Mali yenyewe iko jikoni, kwenye kopo la chumvi na kopo la sukari, na wenye mali ni watu unaowapenda, nawe ukiwemo. Sharti ni moja: iba kidogo mno, kila siku, hata mwenye mali asijue kama ameibiwa.

Mwizi mwenye tamaa hukamatwa mapema. Ni yule anayerudi kutoka hospitali Jumatatu, hata hajaketi, anatangaza kwamba kuanzia leo humu ndani hakuna sukari, hakuna chumvi, hakuna mafuta, na alfajiri familia nzima itakimbia mpaka barabara kuu. Ikifika Jumatano watoto wameshanunua soda kwa chenji ya mkate, na baba anajimwagia chumvi mezani kwa hasira. Nia ilikuwa njema, ila aliiba gunia zima kwa mkupuo.

Waingereza waliiba vizuri zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanda vyao vya mikate, kwa kuhimizwa na serikali na madaktari, vilipunguza chumvi awamu kwa awamu. Kufikia 2011 chumvi ya mkate ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 20, na chumvi anayokula mtu kwa siku ilikuwa imeshuka kutoka wastani wa gramu 9.5 hadi 8.1. Watu waliendelea kununua mkate wao kama kawaida. Ulimi hugomba ukishtuliwa. Ukiendewa taratibu, hujizoeza wenyewe.

Sasa tuingie kazini. Baba mwenye nyumba anakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, kwa hiyo vikombe vitatu vinampa gramu 36 kabla hajagusa soda, ambayo chupa yake hubeba zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani linasema ni afadhali mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Chota kijiko cha tatu kama kawaida, kisha kwa ncha ya kidole rudisha robo yake koponi. Ongeza iliki au tangawizi. Koroga kwa kishindo kilekile alichokizoea, maana masikio nayo huonja. Kaa na robo hiyo wiki mbili. Ukiona kimya, iba robo nyingine.

Akiuliza, "Mama watoto, sukari imetuishia?" mwambie kweli: "Ipo, baba, naipunguza." Huu ni wizi wa mapenzi, na mtu akikuuliza usoni hastahili uongo. Ila kama anatumia insulini au vidonge vya kisukari, zungumzeni na daktari kwanza, kwa sababu dozi yake ilipangwa kufuatana na chakula alichozoea.

Chumvi inataka ujanja zaidi, kwa kuwa imeshaingia nyumbani kabla yako: imo kwenye mkate, kwenye viungo vya mchuzi vya paketi, kwenye chipsi za jioni. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na hiyo iliyojificha. Acha kukadiria kwa kiganja. Tumia kijiko, ndipo utajua unaiba kiasi gani. Kikopo cha mezani kihamishie kabati la juu kabisa, kwa sababu wengi hunyunyiza kabla hata ya kuonja, na watu wachache watainuka kwenye ugali wa moto kwenda kukitafuta. Mezani weka ndimu na pilipili. Lakini usiibe madini joto: chumvi inayobaki iwe ile iliyoongezwa madini hayo, kwa maana ndiyo inayotukinga na rovu na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Usitarajie matunda kwa wiki moja. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba kwa kawaida ilichukua siku 66 mpaka jambo lijifanye lenyewe bila kufikiriwa. Kwa wengine muda ulikadiriwa kufika siku 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Kwa hiyo siku ya harusi waache wale pilau na wanywe soda yao. Keshoye rudi kazini kimyakimya.

Chumvi tunaiiba kwa ajili ya presha ya juu, nayo mara nyingi haiumi wala haijitangazi. Mtu hulima, hucheka na hulala vizuri huku mishipa yake ikichakaa. Huwezi kuijua kwa kumtazama mtu, na wizi wako wa jikoni hauchukui nafasi ya kipimo wala ya dawa alizoandikiwa. Wiki hii mpeleke baba mwenye nyumba zahanati akapimwe, nawe upimwe pamoja naye. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, msiondoke bila kupangiwa siku ya kurudi.