Bei Inboksi

Koti lenyewe ni la kodrai, rangi ya chai iliyolala, kola pana kama mabawa ya kunguru anayetaka kuruka, vifungo vya ngozi iliyosukwa. Lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa bluu, limepigwa picha jua likizama ili sisi wenye macho dhaifu tudanganyike vizuri, na chini yake yameandikwa maneno manne ambayo daktari wangu wa presha angeyapiga marufuku kama angeyajua: "Vinteji kali. Bei inboksi."

Hebu tuongee kidogo hapa. Muuza nyanya wa Mabibo hanong'oni bei. Konda wa daladala hakuvuti pembeni kukuambia nauli kwa siri. Hata pale Karume, ambako nimenunua nguo tangu nikiwa na nywele, bei inapigiwa kelele mpaka koo linakauka: buku buku, buku mbili, mama chagua, baba chagua. Ila mtoto wa juzi, mwenye simu moja na koti moja, yeye bei yake ni ya faragha. Lazima umfuate chemba, umsalimie, ujieleze, kama vile umekuja kuposa.

Nikamfuata. Kudhalilika nimeshazoea.

"Habari yako binti. Naulizia lile koti."

"Poa boss. 85."

Nilikaa na hiyo namba dakika nzima nikiomba Mungu iwe ni umri wa koti. Kumbe ni elfu themanini na tano, yeye yuko Arusha, na usafiri ni juu yangu. Nikaomba apunguze, akanitumia kile kikatuni cha njano kinachotoa machozi kwa kucheka. Nikauliza mabega yana upana gani: "Linakaa poa tu." Kifua? "L ila linaenda hadi XL." Nikamsihi apime kwa futi ya fundi cherehani, hata kwa kuazima. Baada ya saa mbili ikaja picha: koti limelazwa kitandani, na begani imewekwa chupa ya maji ya nusu lita. Basi nami nikatafuta chupa ya nusu lita, nikasimama mbele ya kioo. Mke wangu aliingia chumbani, akanikuta nimejipachika chupa begani, akatoka bila kuuliza. Tumeoana miaka ishirini na minane. Kuna maswali yameshaisha.

Nikamwomba binti anipigie picha lebo ya ndani, maana mtu anayependa nguo za kale haangalii nguo, anaangalia lebo. Lebo ikasema koti limeshonwa Ujerumani Magharibi. Moyo ukanienda mbio. Nchi hiyo haipo tangu Oktoba 1990, kwa hiyo koti haliwezi kuwa changa kuliko hapo. Binti yeye alikuwa ameandika "la mwaka 60". Kwao kila kitu ni cha mwaka 60. Mwezi uliopita kijana mmoja alinitangazia jinzi ya Levi's ya mwaka 60, na pale kwenye kile kitambaa chekundu cha mfuko wa nyuma jina limeandikwa kwa herufi e ndogo. Nikamweleza kwa upole kwamba e ilikuwa kubwa, na ilifanywa ndogo mwaka 1971, kwa hiyo suruali yake haijafika huko anakoipeleka. Nilidhani atanishukuru. Akaniblok.

Ugonjwa huu wa nguo za kale niliurithi kwa baba mdogo. Kuna picha yake ya studio, ameegemea nguzo ya plasta: nywele mduara kama fenesi, shati limembana mpaka unahesabu mbavu, bugaluu linafagia sakafu, na chini ya bugaluu kuna raizoni zilizompa urefu ambao ukoo wetu haujawahi kuwa nao. Baba mdogo husimulia mavazi kama wengine wanavyosimulia vita. Kwake mwaka 1968 ni mwaka wa Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza mwezi Oktoba kwamba kuanzia Januari mosi 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana ni mwiko. Hata hiyo Januari haikungojwa. Kariakoo akina dada walianza kukimbizwa na kushushwa kwenye mabasi hapo hapo. Shangazi yangu alikuwa na gauni moja fupi, akalikunja na kulificha ndani ya gunia la mchele. Juzi nimeliona gauni la namna ile ile kwenye simu. Bei inboksi.

Mimi nimekulia upande wa pili wa shilingi, miaka ya mwanzo ya 80, dukani hamna kitu, kitambaa cha suruali unapangia foleni huku hujui kama ni cha suruali. Mitumba iliporuhusiwa kumwagika baadaye, tuliivaa wote na hakuna aliyekiri. Watu wa pwani walikuwa wanaiita kafa Ulaya, yaani mwenye nguo ameshafariki huko, wewe unamalizia. Mama yangu alikuwa akirudi na fungu lake usiku, analichemsha kwenye sufuria la ubwabwa wa shughuli, kisha anachukua wembe na kukata lebo moja baada ya nyingine, ili jirani akishika kola asijue imetoka wapi. Nikikumbuka huwa naumwa tumbo. Huenda alitupa jalalani lebo za Ujerumani Magharibi za kunisomesha hadi chuo kikuu.

Sasa binti yangu wa mwisho, anayesoma chuo, hunisahihisha mezani: "Baba, hiyo siyo mitumba, hiyo ni vinteji." Nikamuuliza tofauti. Akasema vinteji imefuliwa. Waganda wanasema mivumba, Wazambia salaula, na Wanyarwanda walichukua neno letu la sokoni, chagua, wakalifanya caguwa, bila kumdai mtu senti kwa hilo. Sisi tumebadilisha neno tu, na bei ikapanda ngazi yenyewe.

Nisijifanye mwerevu sana, maana niliwahi kuingia hasara kwa kusoma magazeti. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kwamba mitumba iondolewe ndani ya miaka mitatu, viwanda vyetu vipumue. Mimi, mwananchi mtiifu, nilikimbilia Karume na kununua makoti sita kwa mkupuo kama mtu anayesikia sukari inaadimika. Marekani ikanuna, ikakumbusha habari za unafuu wa ushuru, nchi moja moja zikaanza kurudi nyuma kimyakimya. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa ule unafuu wa kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mitumba ikabaki. Na makoti sita yakabaki, mawili yakaliwa na nondo, moja halifungi, matatu siwezi kuyataja mbele ya mke wangu.

Kukata shauri la koti la kodrai kulichukua siku tatu. Binti wa Arusha alikuwa ananipa taarifa kama za msiba: "Boss kuna mtu anaulizia." "Boss huyu mtu yuko siriasi." "Wa kwanza kulipa ndo mwenye mali." Tukamalizana kwa elfu sabini na tano. Nikatuma, na makato ya kutuma, akataka na ya kutolea, maana kumbe ustaarabu wa siku hizi ni kumtumia mtu hela pamoja na nauli ya hela yenyewe. Elfu saba ya mzigo kwenye basi.

Basi likafika Mbezi saa nne usiku, mzigo ukiwa chini ya magunia ya karoti. Kijana wa mizigo ananiuliza mzigo wangu una alama gani. Una harufu ya karoti, ndugu yangu, kama mingine yote.

Nilipokuwa narudi nyumbani Kimara na koti kwapani, hesabu moja ikanijia nikasimama katikati ya barabara mpaka bodaboda akanitukana. Kama koti hili lilishuka bandarini Dar es Salaam, kama yanavyoshuka mabelo mengi, basi lilipanda lori, likashika Morogoro Road, likapita hapa hapa Kimara mbele ya nyumba yangu bila hodi, likakata kona Chalinze, likaenda kuzurura Arusha kilomita mia sita na zaidi, mimi nimelala. Halafu nikalilipia nauli lirudi.

Mfukoni nilikuta tiketi ya treni, karatasi imekuwa laini kama kitambaa, wino umefifia imebaki Bremen na sehemu ya tarehe. Mke wangu aliigeuza geuza, akalirudishia koti mali yake. Kisha akaniuliza lile swali ambalo miaka yote hii huwa silijibu.

"Baba watoto, na joto hili, hili koti utalivaa wapi? Ndani ya friji?"

Nilijitetea kwa Nairobi. Nairobi kuna baridi. Alinyamaza kwa namna ya mtu anayekumbuka safari ya Nairobi ya mwaka juzi, ambayo nilisema ni ya kumjulia hali rafiki. Nilikaa ndani ya basi tangu alfajiri, Namanga nikagongewa mhuri, nikafika usiku miguu imevimba. Kesho yake asubuhi nilikuwa Gikomba, mchana Toi, na rafiki nilimjulia hali kwa simu. Gikomba kijana alininyooshea shati la hariri akasema, "Buda, hii ni kamera." Nikamwambia sihitaji kupigwa picha, nahitaji shati. Kumbe kamera ni daraja la kwanza la belo, na kinachobaki chini baada ya watu kuchambua kinaitwa fagia. Ningeweza kununua kwa bei nzuri kama nisingefungua mdomo. Nilisema, "Samahani kaka yangu, naomba kuuliza, hili shati ni shilingi ngapi?" Akamwita mwenzake kutoka kibanda cha pili, "Kuja uskie huyu anavyoongea!" Wakanisikiliza wanne. Wakafurahi sana. Bei ikapanda. Nikazidisha mara ishirini kupata shilingi zetu, nikakaa kwanza kwenye benchi.

Kwa hiyo Nairobi imefungwa. Koti likatundikwa mlangoni kwa wiki tano, Dar es Salaam ikitokota. Nililijaribu benki, nikapanga foleni makusudi chini ya kiyoyozi, lakini kutoka kituo cha mwendokasi hadi mlango wa benki nilishalowa mgongo. Mlinzi akanitazama kama mtu aliyekuja na mpango. Ndipo jirani mmoja, katika kulalamika kwake, akaniokoa: alikuwa amepanda treni ya umeme kwenda Dodoma, akasema humo ndani kuna baridi ya kuhifadhi samaki.

Nilikata tiketi siku hiyo hiyo. Treni hii ilianza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024 na watu wanaipanda kwa sababu za maana: vikao, wizara, kuwaona wagonjwa. Mimi nililipa elfu thelathini na moja daraja la kawaida ili nipate mahali pa kuvaa koti. Mke wangu nilimwambia nafuatilia mafao. Siyo uongo wote. Nafuatilia mafao tangu mwaka jana.

Nakiri, ilikuwa safari tamu. Pugu nilivaa mkono mmoja. Ruvu nilikuwa nimefunga vifungo. Mama mmoja pembeni yangu alijifunika khanga mbili akitetemeka, akaniangalia kwa wivu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ununuzi wangu mtu aliona nimefanya jambo la akili. Nikaingiza mkono mfukoni, nikashika tiketi ya Bremen, nikaweka na ya Dodoma hapo hapo.

Dodoma nilikuwa na saa tatu za kusubiri treni ya kurudi. Mtu mwingine angekunywa soda. Miguu yangu ikanipeleka Soko la Sabasaba, kwenye mitumba, kuangalia tu. Kijana alikuwa amesimama juu ya meza anaimba buku tatu, buku tatu, na katikati ya rundo, chini ya sweta la mtoto, mguu wa suruali ukachungulia: kodrai, rangi ya chai iliyolala. Niliuvuta taratibu kama anayetoa mwiba. Lebo ilikuwa imekatwa kwa wembe, safi kabisa, na nikamwazia mama. Nikauliza kiuno.

"Thelathini, ila inavutika mzee."

Kodrai haijawahi kuvutika tangu iumbwe, na mimi kiuno cha thelathini nilikiaga enzi za Mzee Rukhsa. Nikatoa buku tatu.

Nikiwa naikunja, akanisogelea kijana mwingine, kofia imegeuzwa nyuma, simu mkononi. Alizunguka nyuma yangu, akashika kola, akageuza kidogo akaisoma lebo. Midomo ikamcheza. Huyu, nikajua, ni wa kwao, wa mlango wa bluu.

"Mzee shikamoo. Hili koti unaliuza?"

"Marahaba."

"Nipe bei basi, mzee wangu. Bei gani?"

Kijana wa juu ya meza akaacha kuimba ili asikie. Wateja wawili wakageuka. Nikafunga kifungo cha juu, jua la Dodoma likiwa utosini.

"Njoo inboksi," nikamwambia.