Mchagua Mbwa Hupata Koko

Umehamia. Ukuta bado, madirisha ya nyuma umeyaziba kwa mabati, choo cha ndani kinasubiri sinki, lakini kodi ya kupanga ilikuchosha ukasema kwangu ni kwangu. Wiki ya pili jirani wa nyumba ya tatu anaibiwa televisheni, mtungi wa gesi na, kwa dharau tu, kibao cha mbuzi. Tangu siku hiyo kila anayekuja kukupa hongera ya kuhamia anaaga kwa maneno mawili: tafuta mbwa.

Ukishatamka kwamba unatafuta mbwa, utagundua mtaa mzima ni wataalamu, na kila mtaalamu ana mbegu yake. Mwongozo huu umeandikwa na mtu aliyefuata ushauri wa wote. Ufuate hatua kwa hatua, usiruke hata moja, nawe utafika nilipofika.

Hatua ya kwanza: nunua kibao

Kabla ya mbwa, kibao. Mwambie fundi wa mabango aandike HATARI! MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, kisha achore kichwa cha mbwa aliyetoa meno. Wa kwangu alichora kitu kilichofanana na mamba mwenye masikio. Nikakipigilia kwenye mwembe, kwa kuwa ukuta haukuwapo, na muuza maji akaacha kupita kwangu siku nne.

Kibao hakili, hakiugui, hakizai, na wezi wengi si watu wa utafiti. Kuna nyumba mtaani kwetu zilizoishia hatua hii na zinaishi kwa amani. Mwenye busara angeishia hapa. Wewe unaendelea kusoma, basi twende.

Hatua ya pili: chagua mbegu kwa kuwafikiria wapita njia

Kosa la wanaoanza ni kujiuliza mbwa atafanya kazi gani. Jiulize watu watasema nini wakimwona.

Jemani shepadi ndiye mbwa wa mtu aliyefika. Mwaka 1899 kapteni mmoja wa Kijerumani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa kwenye maonyesho, akamnunua, akampa jina la Horand na kumwandika wa kwanza kwenye daftari la ukoo. Alichompendea ni moyo wa kazi, mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza hawakutaka kitu chenye jina la Ujerumani, wakambatiza alsesheni, ndiyo maana wazee wetu wengine wanamwita hivyo mpaka leo. Wewe utamchukua mchapakazi huyo, utamfungia kwenye banda la mita moja kwa mbili, halafu utashangaa kwa nini amekula ndoo.

Rotwaila anafaa kwa anayetaka kuogopwa bila kusema neno. Kwao ni mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako aliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Ni mbwa aliyekulia buchani. Mpeleke nyumba inayonunua nusu kilo kila Jumapili, kisha umtazame usoni.

Huski ni wa wale wenye macho ya kupenda picha. Asili yake ni Siberia. Januari 1925, dondakoo ilipouvamia mji wa Nome huko Alaska, dawa ilisafirishwa kwa mikokoteni ya theluji iliyovutwa na mbwa wa namna hii, kilomita zipatazo 1,085 kwa siku tano na nusu, katika baridi kali ya kugandisha pumzi. Mlete Dar es Salaam mwezi huohuo wa Januari, umnunulie feni. Uniti za LUKU zitavuta mkokoteni wenyewe.

Buldogi na pagi wanahitaji maelezo ya kitaalamu. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje. Hawa wamechaguliwa vizazi na vizazi wawe na pua fupi, mpaka njia yenyewe ya kujipozea imebanwa. Kwenye joto la nyuzi 33 anakoroma akiwa macho. Ulinzi wake ni mmoja tu: mwizi atadhani kuna baba mnene amelala sebuleni.

Chiwawa hazidi kilo tatu. Kabla hujamleta, hesabu kunguru wa mtaa. Kunguru wa Dar es Salaam anaondoka na kifaranga mchana kweupe, kisha anarudi kuchukua sabuni.

Rijibeki ana mstari wa manyoya mgongoni unaolala kinyume na mengine. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, na kazi yake ilikuwa kumzuia simba asiondoke mpaka mwindaji afike. Kama mtaani kwenu simba wamezidi, huyo ni wako.

Kwa asiyependa kelele yupo Basenji, mbwa wa Kongo aliyepelekwa Uingereza miaka ya 1930 akaingizwa kwenye mashindano ya urembo. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", ila bei yake leo ni ya kistaarabu kabisa. Habweki kama wenzake. Anatoa sauti ya mtu anayejaribu taarabu akiwa na mafua. Mwizi akiingia kwako, atatumbuizwa.

Mimi nilichagua jemani shepadi. Nilitaka wapita njia waseme.

Hatua ya tatu: itisha kikao cha familia baada ya kuamua

Watoto wataapa kumwogesha kila Jumamosi. Weka kiapo hicho pamoja na kile cha kuosha vyombo. Mama watoto atauliza shilingi ngapi. Taja nusu.

Mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, ni mtu wa Pangani, na fikihi ya Shafi anaijua kuliko mimi ninavyoijua namba yangu ya simu. "Mwanangu," alisema, "mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa. Huyo wako wa kulinda tutampitishia mlango huohuo. Lakini awe na banda lake na sahani yake. Akilamba chombo changu kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na utaosha wewe. Akivuka kizingiti hiki, nauli ya Pangani ninayo." Katika kikao kizima, Bibi peke yake ndiye aliyetaja mbwa atalala wapi, atakula kwenye nini na nani ataosha.

Dada wa kazi hakuulizwa. Tia alama hapo: yule ambaye hakuulizwa ndiye mwenye mbwa.

Hatua ya nne: nunua kwenye foleni

Muuzaji hodari hakai dukani. Anasimama katikati ya magari, boksi kwapani, mtoto wa mbwa kiganjani, jirani na muuza chaja.

"Jemani shepadi orijino, bosi. Ana miezi mitatu. Baba yake ana cheti, mama yake yuko ubalozini."

"Ubalozi gani?"

"Ubalozi, bosi."

"Mbona masikio yamelala?"

"Yatasimama. Mpe kalisiamu."

Kuhusu masikio alikuwa na hoja. Jemani shepadi huzaliwa nayo yamelala, na mara nyingi husimama kati ya mwezi wa nne na wa sita. Kwa hiyo muuzaji anakuwa na miezi mitatu ya kubadilisha namba ya simu. Nililipa bei ya mbuzi wawili, taa ikawaka kijani, na sote wawili tukaondoka tukiamini tumemweza mwenzetu.

Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akasema wiki tano. Mtoto wa mbwa hupaswa kukaa na mama yake walau wiki nane. Alikuwa na minyoo, viroboto, na kupe mmoja ndani ya sikio, mnene kama punje ya mbaazi. Daktari akamng'oa kwa kibanio, akaniwekea kwenye pamba nimtazame vizuri. Kupe wa kwetu huleta homa ya damu, na mbegu za kizungu, jemani shepadi akitangulia, huumia nayo kuliko mbwa waliozaliwa nayo mtaani. Kisha akaniandikia ratiba ya chanjo, ikiwemo ya pavo, ugonjwa wa kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa kwa siku chache.

Kwenye kichaa cha mbwa sina utani. Shirika la Afya Duniani hukadiria watu 59,000 hufa nacho kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka, awe wa cheti au wa jalalani. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake "hana neno".

Hatua ya tano: lisha kwa nadharia

Muuzaji alisema wali na nyama. Wiki ya kwanza alikula wali na nyama. Wiki ya pili wali na mchuzi wa nyama. Mwisho wa mwezi ukamkuta kwenye dona na dagaa, alikowakuta mbwa wengine wote wa mtaa, na hakulalamika. Ila jihadhari na makombo: mchuzi wetu haukosi vitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha tumboni. Chokoleti ni sumu kwake, lakini kwangu hilo halijawahi kuwa tatizo. Watoto hawabakishi.

Hatua ya sita: mpe jina, umsemeshe Kiingereza

Jina la mbwa ni kama jina la khanga, linaandikiwa jirani. Mtaani kwetu yupo Yatapita, yupo Hayakuhusu, na ukisikia mama mmoja akimfokea Hayakuhusu saa moja asubuhi, ujue ugomvi wa jana haujaisha. Mimi nilimwita wangu Kamanda.

Halafu, kwa sababu nisiyoijua, Mtanzania akimpata mbwa wa kizungu hubadilisha lugha. Nilisimama uani jioni baada ya jioni nikiamuru "Siti! Kamu!" kwa lafudhi ambayo sijawahi kuitumia hata kwenye usaili. Kamanda alinitazama kwa heshima, kama mgeni anayemsikiliza mwenyeji asiyeelewana naye. Kisha dada akatoka jikoni na sufuria, akasema maneno mawili ya kwao Singida, na mbwa akaketi.

Hapo ndipo nilipoelewa mwongozo wangu wote ulivyokaa kichwa chini. Nilikuwa nimemchagulia mbwa wapita njia, ambao hawamlishi. Mbwa hasomi cheti wala risiti. Anamjua mwenye sufuria. Swali la kwanza lilitakiwa kuwa: saa kumi na mbili jioni, kila siku, nani yupo nyumbani na mikono yake ina nini? Kama jibu ni "hakuna", mbegu inayokufaa umeshaipigilia kwenye mwembe.

Mwezi wa tano sikio la kushoto lilisimama Jumanne, likalala Alhamisi. La kulia halikujaribu. Namba ya muuzaji ilikuwa haipatikani. Umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Hatua ya saba: acha mbwa akuchague

Wakati wote huo kulikuwa na mbwa mwingine. Alikuja na mafundi enzi za msingi, koko jike wa rangi ya udongo, akawa analala juu ya lundo la kokoto, nao wakamwita Kokoto. Mafundi waliondoka, kokoto zikaisha, yeye akabaki. Hakuna aliyemnunua, kwa hiyo hakuna aliyemtazama.

Siku moja nilimtazama. Mbavu nyembamba, manyoya mafupi, mkia umejikunja, masikio yamesimama wima kama antena, na kalisiamu hajawahi kuionja. Mbegu nyingi za kizungu tunazozipigania hazijafikisha miaka 200. Ziliandikiwa sifa na vyama, zikapewa vikombe. Babu zake Kokoto walifanyiwa mtihani na jua, kupe, njaa na mawe ya watoto, na aliyefeli hakuzaa. Usiku akisikia hatua asizozijua anabweka mara tatu, anatulia, anasikiliza. Kamanda hujiunga baadaye, akiwa nyuma yake. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Mchagua mbwa naye hupata koko, na bahati yake ikiwa njema koko huyo anakuwa keshahamia.

Nilimpeleka kwa daktari, akachanjwa. Nilipaswa pia kumfungisha uzazi, lakini nikasema mwezi ujao. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, na mwezi ujao haufiki haraka hivyo. Dada alihesabu watoto watano.

Walipofumbua macho, muuzaji akaibuka. Sijui nani alimwambia. Alipita pale pasipo na ukuta, akamwinua mmoja kwa kiganja, akambinya sikio taratibu kama mtu anayechagua parachichi. Kisha akapiga simu, namba ikapatikana.

"Bosi, nimempata. Jemani shepadi orijino, ana miezi mitatu. Baba yake ana cheti, mama yake yuko ubalozini."

Kokoto alikuwa amelala chini ya mwembe, kwenye kivuli cha kibao. Alinyanyua sikio moja, akalirudisha.