Saba Mpaka Moja kwa Anayeongoza Kikosi cha Kupima Malisho

Masika yanaisha, nyasi za Simanjiro na Longido zimetoa masuke, na wewe umekabidhiwa vijana wanne wa mkataba wa msimu, gari moja na tepu mbili. Hongera, na pole. Kazi yenyewe mtoto wa darasa la nne anaiweza: mnanyoosha tepu ya mita 50, kila mita mnashusha sindano ya chuma, mnataja ilichogusa: jani, takataka, jiwe au udongo mtupu. Mguso mmoja ni asilimia 2. Shida ni hayo mengine.

7. Nguo. Lazima mmoja atakuja na fulana ya buluu. Mweleze kwamba mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi, na sababu si urembo. Akikaidi, mwache atangulie. Mtego unaotembea una faida zake kwa wanaofuata nyuma.

6. Barua. Umoja wa Mataifa umeutangaza 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Vizuri, lakini hilo halikuingizi kijijini. Kinachokuingiza ni barua ya Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha salamu kwa mwenyekiti, kisha kitabu cha wageni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ile. Na huku kaskazini, mtu anayenyoosha tepu kimya kimya anaonekana anapima mipaka. Wafugaji wana sababu zao za kutompenda. Ukikaribishwa chai ya maziwa, kunywa. Ratiba itakusubiri, haina miguu.

5. Dereva. Kwenye makaratasi wewe ndiye bosi. Lakini udongo mweusi wa mbugani ukilowa hausomi makaratasi. Akisema hapapitiki, hapapitiki.

4. Nondo. Mwaka jana wenzako walipigilia vipande vya nondo ili mwaka huu mpime palepale. Nenda katazame: baadhi sasa vinafunga lango la zizi, na vinafunga vizuri tu. GPS ya mkononi itakufikisha jirani, ila inaweza kukosea mita kadhaa, na hizo zinatosha kukutoa kwenye uwazi na kukupandisha kichuguu chenye nyasi zake tofauti kabisa. Hapo ndipo picha ya mwaka jana inapookoa: linganisha mlima na mgunga ule uliopinda, sogeeni mpaka vikae sawa. Kijana atakayesema "hapahapa panatosha" mpe kazi ya kubeba maji.

3. Majina. Bila suke, nyasi nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo maana tunakuja sasa, si mwezi wa pili. Mhitimu wako atatamka Themeda triandra na Cenchrus ciliaris kwa lafudhi safi, kisha aduwae mbele ya jani bichi. Mwite mchungaji wa ndama. Atakwambia ni nyasi gani, ng'ombe huiacha lini na huirudia lini, na atashangaa kwamba unalipwa kuuliza. Mkikuta gugu karoti, lililotambuliwa Arusha mwaka 2010, andikeni mahali lilipo na msilishike kwa mikono mitupu, maana huwasha ngozi. Tena msidharau mmea vamizi kwa kuwa ni mmoja. Kule Baringo, Kenya, wananchi walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kuonyesha jinsi maganda matamu ya mathenge, mti vamizi, yalivyommaliza meno. Shahidi hakusema neno, ila ushahidi wote ulikuwa mdomoni.

2. Wali na maharage. Ikifika saa nane mchana bila chakula, kikosi huanza kuona udongo mtupu kila mahali.

1. Macho. Hili ndilo linalokula mishahara bure. Tepu moja, watu wawili: huyu anapata asilimia 30 ya udongo mtupu, yule 44. Mwaka kesho ripoti italia kwamba malisho yameharibika, kijiji kitagombana kuhusu kufunga mapema alalili, yaani malisho ya akiba, kumbe kilichobadilika ni mtu aliyeajiriwa. Kwa hiyo kabla ya kuanza, na kila mnapohamia eneo jipya, wote wapime tepu ileile bila kusikilizana. Tofauti ikizidi asilimia 10, kaeni chini mbishane. Utagundua mmoja anaionea nyasi huruma, anaisogeza sindano kidogo ili iguse shina. Mwingine anasoma akiwa amesimama wima kama mlingoti. Mwingine anapita juu ya tepu na kulaza nyasi anazokuja kuzipima. Upepo nao unayumbisha tepu, na hakuna anayeungama. Kisha litazuka lile la kila msimu: jani lililokauka ni mmea au takataka? Bado limeshikana na shina lililosimama, mmea. Limeanguka chini, takataka. Atakayeendelea kubisha baada ya hapo, aoshe sufuria.